Vumbi likishatua shambani, udongo anaupima nani?

Kila kiangazi malalamiko ya vumbi hurudi Arusha, na karibu yote huanzia kifuani. Mtoto anakohoa, macho yanawasha, nguo zilizoanikwa zinafuliwa upya, na kwenye mkutano wa mtaa mtu anasimama kuuliza malori ya kokoto yataanza lini kufunikwa turubai. Ni malalamiko ya haki. Lakini masika yakishika vumbi linatulia, kikohozi kinapungua, na mjadala mzima unaahirishwa hadi kiangazi kingine. Kinachosahaulika ni kwamba vumbi lile halikwenda mbali. Mvua iliisafisha hewa kwa kuliteremsha ardhini, na ardhi hiyo ni shamba la mtu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Tumezoea kulihesabu vumbi la viwanda na machimbo kuwa tatizo la hewa, kwa hiyo hata pale linapopimwa, linapimwa likiwa bado linaelea. Madhara yake ya muda mrefu huanza likishatua. Hewa ya leo ikiwa chafu, kesho upepo ukigeuka itakuwa nafuu. Udongo uliobadilika huhitaji miaka kurudi, na gharama ya miaka hiyo anailipa mkulima bila risiti: katika mfuko wa mbolea usioleta matokeo, katika maharage yaliyodumaa, katika shamba alilolikodi kwa bei ya ardhi nzuri akavuna debe chache. Nina hakika gharama hiyo ipo, na ninaamini tunaiacha makusudi nje ya hesabu kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuipima.

Kuna jibu linalosikika sana ukiigusa mada hii, hata kutoka kwa wakulima wenyewe. Udongo wetu, wanasema, umetokana na vumbi la volkano. Vumbi litaudhuru vipi?

Nusu ya jibu hilo ni kweli. Rutuba ya miteremko ya Meru, kuanzia Olmotonyi na Ngaramtoni hadi Tengeru na Usa River, ni zawadi ya volkano. Mlima Meru ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na Oldoinyo Lengai ilipolipuka 2007 na 2008 majivu yake yalitua kwenye malisho ya Wamasai. Lakini majivu yaliyozaa udongo wetu mweusi na mwepesi yalikaa maelfu ya miaka yakilowa, yakipenywa na mizizi, yakichanganyika na majani yaliyooza, samadi na kazi ya nyungunyungu. Vumbi la jiwe lililosagwa jana halijapitia hayo. Linafika bichi, linafika kila siku, na linarundikana mahali pamoja karibu na linakotoka. Isitoshe, vumbi la kiwandani mara nyingi halitokani na jiwe hilo la volkano kabisa.

Tukitaka kumtendea haki mkulima, na mwenye kiwanda pia, ni lazima tuyatenganishe mavumbi haya, maana kila moja lina tabia yake shambani.

Chukua vumbi la kresha za kokoto. Mawe mengi yanayosagwa kuzunguka Arusha ni ya volkano, na vumbi lake kikemia halina ubaya mkubwa. Lina kalisi, magnesiamu na potasiamu ambazo hutoka polepole mno, na kuna nchi ambako wakulima hununua unga wa mawe ya namna hiyo na kuumwaga shambani. Ubaya wake uko kwingine. Likitanda juu ya jani linaziba vitundu ambavyo mmea hupumulia na kulizuia jani lisipate mwanga wa kutosha. Likilowa juu ya ardhi linaziba njia za maji, hivyo mvua ya kwanza ya vuli, ambayo mkulima ameisubiri kwa miezi, inateleza badala ya kuzama. Kwenye mteremko maji yanayoteleza huondoka na udongo wa juu, ule wenye mboji. Mkulima wa Moshono au wa kuelekea Oljoro anayelima kandokando ya njia ya malori ya moramu analijua tabaka hilo. Anajua kwamba mistari ya kwanza ya mahindi karibu na barabara huwa mifupi kuliko ya katikati ya shamba.

Vumbi la mbao kutoka viwanda vya kupasulia magogo ni jambo jepesi zaidi. Likimwagwa shambani likiwa bichi, vijidudu vya udongo vinavyoliozesha huhitaji naitrojeni nyingi na huinyang'anya mimea, mahindi yakawa manjano kwa msimu mmoja au miwili. Lakini linaoza na kuisha, na likilazwa kwanza pamoja na samadi linageuka mboji. Maganda ya kahawa ni mali kabisa. Kwa hiyo anayesema kila vumbi la kiwanda ni sumu anakosea, na kosa hilo linawapa nguvu wale wanaotaka kusema hakuna vumbi lenye madhara.

Sasa tuje kwenye chokaa na saruji. Hapa sizungumzii kiwanda kikubwa cha saruji peke yake. Nazungumzia tanuri za chokaa, mitambo ya kuchanganyia zege, yadi za matofali ya saruji zilizoota kila kona ya mji unaojengwa kwa kasi, na maghala ambako mifuko hupakuliwa na kupasuka. Vumbi la namna hii lina kalisi nyingi na ni kali kwa namna iliyo kinyume cha uchachu. Likipata unyevu wa umande juu ya jani linaganda na kuwa ukoko. Likifika ardhini linauvuta udongo kutoka uchachu wake wa asili kuelekea upande wa pili.

Watu wengi hudharau kiasi chake, basi tufanye hesabu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Vumbi la gramu moja kwa kila mita ya mraba kwa siku ni dogo. Halijazi nusu kijiko cha chai, na kwenye jani la mgomba utaliona vizuri ukipitisha kidole tu. Kwa ekari nzima ni kilo 4 kwa siku. Likianguka mwaka mzima ni karibu tani moja na nusu, sawa na kuchukua mifuko 30 hivi ya kilo 50 na kuimwaga shambani. Tuseme linaanguka miezi ya kiangazi tu, nusu mwaka. Bado ni mifuko 15. Ujerumani, katika kanuni zake za hewa, imeweka kikomo cha vumbi linalotua kuwa gramu 0.35 kwa mita ya mraba kwa siku kwa wastani wa mwaka, na hicho ni kikomo cha kuzuia kero kwa wakazi. Hata kikomo hicho kikifikiwa, ekari inapokea zaidi ya kilo 500 kwa mwaka. Kama vumbi lenyewe ni la chokaa, shamba hilo linawekewa chokaa bila mwenyewe kuomba.

Atatokea mtu aseme: si ni vizuri? Si mashamba ya kahawa yamekuwa machachu kwa mbolea za chumvichumvi za miaka mingi, na wataalamu wenyewe wanashauri chokaa? Ni kweli wanashauri, na kuna mashamba ambayo vumbi kidogo la chokaa lingeyafaa. Lakini mkulima anayeshauriwa kuweka chokaa hupewa kiasi baada ya udongo wake kupimwa, huiweka mara moja, huichanganya na udongo, kisha hukaa misimu kadhaa kabla ya kupima tena. Vumbi halina kipimo. Linaanguka juu ya jani na ua la kahawa, linaanguka kwa mwenye udongo mchachu na kwa asiye nao, na siku pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, inapofika mahali pazuri haliachi kuanguka.

Na likipita mahali hapo, mambo yanaharibika kwa mfululizo ambao mkulima hawezi kuuona kwa macho. Udongo wa miteremko ya Meru mara nyingi una uchachu kiasi, na ndiyo hali inayopendwa na kahawa na migomba. Kipimo cha pH huenda kwa mara kumi kumi: udongo ukitoka 5.5 kufika 7.5, uchachu umepungua mara mia. Zinki inayoyeyuka katika maji ya udongo hupungua kama mara mia kwa kila pointi moja inayopanda, na madini ya chuma hupungua zaidi ya hapo. Hayajaondoka. Yamo mle mle udongoni, ila mizizi haiwezi tena kuyachukua. Majani machanga ya kahawa yanakuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mahindi yanatoa michirizi myeupe. Maharage, ambayo hayavumilii kabisa ukosefu wa zinki, yanadumaa.

Mkulima akiona manjano anafanya alichofundishwa: anadhani ni njaa ya naitrojeni, anakwenda dukani kununua yurea. Sasa angalia kinachotokea. Yurea ikirushwa juu ya udongo ambao pH yake imepanda, sehemu kubwa ya naitrojeni yake hugeuka hewa ya amonia na kupotea, hasa jua likiwa kali na mvua ikichelewa. Mazao hayabadiliki. Anaongeza mfuko mwingine.

Upande wa fosforasi hali inauma zaidi, kwa sababu inagusa mbolea tuliyo nayo hapa hapa kaskazini. Fosfati ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara kwenye barabara ya kwenda Babati, ni jiwe lililotokana na mabaki ya viumbe wa ziwa la kale na kinyesi cha ndege. Ikitumika kama unga wa jiwe, inategemea uchachu wa udongo ili iyeyuke. Katika udongo mchachu inafanya kazi nzuri na inaendelea kutoa fosforasi misimu inayofuata. Katika udongo uliojaa kalisi inakaa tu. Hata fosforasi ya mbolea za viwandani ikikutana na kalisi nyingi hufungwa nayo na kuwa umbo ambalo mmea haupati. Yaani vumbi la chokaa linamnyima mkulima jirani faida ya mbolea ya bei nafuu kuliko zote alizo nazo, kisha linapunguza nguvu ya zile za bei kali.

Tangu msimu wa 2022/23 serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea. Ni fedha za walipakodi, na naiunga mkono ruzuku hiyo kwa moyo wote. Kwa sababu hiyo hiyo nauliza ni busara gani kulipia mbolea kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine kutoa kibali kwa shughuli inayoifanya mbolea hiyo isifanye kazi, bila hata kumpa sharti mwenye kibali apime mashamba ya jirani. Sijaona mahali popote ambapo hesabu hizi mbili zimewekwa kwenye ukurasa mmoja. Wizara ya Kilimo inaangalia mifuko, watu wa mazingira wanaangalia bomba la moshi, na shamba liko katikati bila mwenyewe.

Kuna vumbi la nne ambalo linanitia hofu kuliko mengine, nalo ni lile lenye metali nzito. Vinu vya kuyeyusha vyuma chakavu hutoa vumbi lenye zinki na risasi, hasa mabati na vyuma vilivyopakwa rangi vikiingia humo. Kuchakata betri za magari ni hatari zaidi. Risasi haiozi, haipeperuki tena kirahisi, wala haisombwi na maji kwenda chini sana. Inakaa sentimita chache za juu, pale pale mama anapopanda mchicha. Kadimiamu, metali nzito nyingine, inapanda hadi kwenye majani, na mboga za majani ni hodari wa kuichukua. Sasa tazama ramani ya mji wetu: bustani za mchicha, figiri, sukuma wiki na mnafu ziko kandokando ya mito, Themi, Naura, Burka, na baadhi yake hazipo mbali na maeneo ya viwanda na karakana. Sisemi mboga hizo zina sumu. Ninasema mji unaokula mboga hizo kila siku unastahili kuwa na majibu ya maabara kuhusu udongo wake, yakibandikwa mahali ambapo mnunuzi anaweza kuyasoma.

Ajabu nyingine ya kikemia inafaa kutajwa hapa kwa sababu inadanganya. Udongo wenye chokaa nyingi huzifunga metali hizi, kwa hiyo eneo linaloangukiwa na vumbi la saruji na la vyuma kwa pamoja linaweza kuonekana salama kwa miaka. Kisha mkulima anatumia mbolea za amonia misimu mingi mfululizo, uchachu unarudi, na kilichofungwa kinafunguka. Kipimo kimoja kilichochukuliwa siku ya ukaguzi hakiwezi kuonyesha hayo.

Wengine walishapita njia hii. Kunda, kaskazini mwa Estonia, ni mji wa saruji tangu karne ya 19. Vumbi la kiwanda kile liliangukia misitu ya misonobari iliyoota kwenye udongo mchachu kwa asili, na udongo huo ukageuka. Miaka ya 1990 kiwanda kilifungiwa vichujio vya maana na vumbi likapungua kwa kiasi kikubwa mno. Watafiti waliendelea kupima, na miaka mingi baada ya hewa kupona udongo wa msituni ulikuwa bado haujarudia hali yake ya zamani. Kwa watu wa misitu hilo ni hasara ya ukuaji wa miti. Kwa mtu mwenye ekari moja na nusu ya migomba na kahawa, muda kama huo ni maisha yake yote ya kulima.

Karibu zaidi nasi, Kabwe nchini Zambia, risasi ilichimbwa na kuyeyushwa tangu 1906 hadi 1994. Mgodi umefungwa zaidi ya miaka 30 iliyopita, na udongo wa makazi jirani bado una risasi inayoingia katika damu ya watoto. Na pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuchakata betri kiliendeshwa kwa miaka michache tu. Phyllis Omido, mama aliyeongoza wakazi kukidai haki, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ile ilizunguka mahakamani miaka mingine baada ya hapo. Wakazi walishinda kwa sababu walikuwa na vipimo, vya damu na vya udongo. Bila vipimo wangebaki na hadithi.

Je, sisi tuna sheria? Tunayo, tena nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, vifungu vya 4 na 5, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Mwaka 2007 zilitungwa kanuni za viwango vya ubora wa hewa na, pembeni yake, kanuni za viwango vya ubora wa udongo. Hata kabla ya sheria hiyo, katika kesi ya mwaka 1988, wakazi wa Tabata jijini Dar es Salaam walilishitaki jiji kwa sababu ya moshi na uvundo wa dampo, na Jaji Lugakingira alitamka kwamba kuwafukizia watu moshi huo kunagusa haki yao ya kuishi iliyo katika Ibara ya 14 ya Katiba.

Pengo liko katika kile kinachohesabiwa kuwa madhara. Kanuni za udongo zinatazama zaidi sumu: metali nzito na kemikali. Udongo unaweza kufaulu mtihani huo wote na bado usizae maharage, kwa sababu kilichouharibu ni kalisi, na kalisi si sumu. Upotevu wa rutuba hauna safu yake kwenye fomu. Na fidia yetu ya ardhi imezoea kuhesabu kilichotwaliwa: eneo, majengo, mazao yaliyosimama. Mkulima aliyenyang'anywa ekari anajua pa kuanzia. Aliyebakishiwa ekari yake huku ikiharibika kidogo kidogo hajui, na anayelima shamba la kukodi hajui kabisa, kwa sababu mwenye ardhi hataki isemwe ardhi yake imeharibika.

Mzigo wa kuthibitisha umewekwa juu ya mtu asiye na maabara. Akilalamika anaulizwa, umejuaje kwamba ni vumbi? Huenda udongo wako ulikuwa hivyo tangu zamani. Swali hilo halina jibu kama hakuna kipimo cha kabla, na wenye kuuliza wanalijua hilo. Tambarare za chini, kuelekea Moshi Chini na maeneo ya Kisongo na Monduli, zina udongo wa magadi, wenye pH kubwa kwa asili, hivyo utetezi huu unapata hata ushahidi wa kuegemea.

Ila udongo wenyewe una kumbukumbu, ukijua pa kuchimba. Vumbi linatoka juu. Kwa hiyo udongo ulioharibiwa nalo huwa na pH kubwa katika sentimita tano za juu kuliko kina cha sentimita 30 au 40. Udongo ambao ni wa magadi kwa asili huwa kinyume chake, au sawa juu na chini. Tatizo ni kwamba jembe huchanganya tabaka, na shamba lililolimwa miaka kumi haliwezi kutoa ushahidi huo vizuri. Basi usichimbe katikati ya shamba. Chimba kwenye mpaka, chini ya masale. Watu wa milima hii, Wameru, Waarusha na Wachaga, wamepanda masale kwenye mipaka vizazi na vizazi, na hakuna anayethubutu kupitisha jembe hapo. Udongo wa chini yake haujageuzwa. Kila kilichoanguka kutoka angani kiko kwenye tabaka lake. Chukua sampuli ya juu na ya chini hapo, kisha nenda kilomita kadhaa mbali na chanzo cha vumbi, kwenye udongo wa aina ile ile, fanya vivyo hivyo. Tofauti ya hizo nne itasema mengi kuliko hotuba.

Kuna vipimo hata vya mikono mitupu. Udongo wenye chokaa huru hutoa mapovu ukidondoshewa siki. Ng'oa mche wa maharage unaoanza kutoa maua, pasua vinundu vya mizizini: vikiwa vya waridi ndani vinatengeneza naitrojeni, vikiwa vyeupe au vya kijani havifanyi kazi, ingawa sababu inaweza kuwa nyingine na isihukumiwe hapo hapo. Weka ndoo yenye mdomo wa sentimita 30 juu ya nguzo kwa siku 30, chuja, kausha, pima kwenye mizani ya maabara ya sekondari ya kata. Ukikuta gramu mbili hivi, shamba hilo linapokea ile gramu moja kwa mita ya mraba kwa siku tuliyoihesabu. Vipimo hivi havitoshi mahakamani. Vinatosha kumfanya afisa ugani aje na chake. Na afisa ugani leo hana kisingizio kama zamani, kwani tangu 2022 halmashauri zimekuwa zikigawiwa vifaa vya kupima afya ya udongo. Isitoshe, Arusha ina bahati ambayo mikoa mingi haina: kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian, Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, ofisi ya kanda ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungu kwa upande wa Kilimanjaro. Wataalamu tunao. Wanachokosa ni agizo.

Agizo lenyewe ninaloliomba ni dogo. Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ambayo kisheria mradi mkubwa hauwezi kuanza bila hiyo, ichukue sampuli za udongo wa mashamba ya majirani kabla ya mtambo kuwashwa, ipime pH, fosforasi, zinki, chuma na metali nzito, na nakala ya majibu ibaki ofisi ya kijiji au mtaa, kwa Kiswahili. Mwenye mradi alipie kipimo kama hicho kila baada ya miaka mitatu, lakini asichague yeye maabara. Viwanda na kresha zilizoanza zamani zianzie hapo zilipo; masale yapo, tabaka lipo, historia inaweza kusomwa.

Majirani wasihesabiwe kwa kamba ya kupimia ardhi tu. Mchana hewa ya tambarare hupanda mlimani na usiku hushuka. Viwanda vyetu vingi viko kusini mwa mji, chini, na mitambo mingi hufanya kazi mchana. Vumbi linaweza kumruka jirani wa ukutani na kumfikia aliye juu, ambaye hakuitwa kwenye mkutano wa wadau. Duara la mita mia kadhaa lililochorwa kuzunguka kiwanda haliijui milima hii.

Na wakati wa kuchukua sampuli una maana yake. Zichukuliwe mwishoni mwa kiangazi, Septemba, kabla mvua za vuli hazijaosha na kabla majembe hayajaingia. Madiwani wakitaka liwe mwaka huu, fungu lake ni dogo kiasi kwamba linaweza kutoka kwenye ushuru ambao halmashauri tayari inaukusanya kwa kila lori la kokoto na moramu linalopita kizuizini.